Msichana wa Kuangalia Mikono

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi nilipopelekwa kufanya mazoezi katika wodi ya watoto wachanga, kwenye hospitali moja upande wa Nyamira. Nilipanga chumba Sironga, nyuma ya duka la chakula cha kuku, na kila asubuhi nilitembea kwenda kazini nimevaa sweta nzito juu ya sare. Nilikuwa nafika mapema kuliko ilivyohitajika. Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa kwamba kukaa chumbani peke yangu kulinishinda. Mama yangu alizoea kusema kwamba mimi hata nikikaa bado natembea, na hakuwa anatania.

Shuleni ndiko hali yangu ilikoharibika zaidi. Mwalimu wetu wa udhibiti wa maambukizi alituvalisha glavu, akatufunga macho kwa leso, akatumwagia wino viganjani na kutuambia tunawe kana kwamba ni sabuni. Nilisugua kwa bidii zangu zote. Nilipofunguliwa macho, viganja vilikuwa vyeusi tititi, lakini vidole gumba vyote viwili vilikuwa vyeupe, na katikati ya vidole pia palikuwa peupe. Wenzangu walicheka. Mimi niliviangalia vile vidole gumba nikawaza kila mtu niliyewahi kumshika.

Tangu siku hiyo nikawa naona mikono tu. Nikirudi nyumbani, kilomita chache kutoka Ogembo, naona mkono wa kaka yangu ukitoka kwenye kikapu cha majani chai kwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya viazi. Kanisani Jumamosi tulipotoka ibadani na kujipanga kusalimiana mlangoni, nilikuwa nawapa watu mkono huku nikihesabu kimoyomoyo nani amekohoa kiganjani. Nikifika nyumbani naenda bombani kabla ya kuvua viatu. Mama aliniona.

"Umeanza kutuona wachafu?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ni mazoea ya shule."

"Basi hayo mazoea uyaache getini."

Sikuweza kuyaacha getini.

Wodi ya watoto wachanga ilikuwa chumba kirefu chenye joto. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walilala kwenye inkubeta, na wale waliokwisha kupata nguvu walilala kwenye vitanda vidogo au vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa leso. Sinki lilikuwa moja, karibu na mlango. Kwa hiyo anayetoka kumhudumia mtoto wa dirishani ilibidi apite chumba kizima ili kunawa, kisha arudi chumba kizima kumfikia mtoto wa pili. Ukutani kulikuwa na chupa za sanitaiza, na nyingi zilikuwa tupu.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini ambayo watoto walionekana kuijua. Alitoka Kiogoro, akawa anasafiri kila siku na hachelewi. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mtoto asiyefika uzito wa nanasi bila kumshtua. Alinifundisha kupima mrija wa maziwa kutoka puani hadi sikioni hadi tumboni, na kusubiri. Hasa kusubiri.

"Unaharakisha," alikuwa akiniambia. "Maziwa yashuke yenyewe. Wewe shika bomba la sindano juu, tulia."

"Nimetulia, Sista."

"Mguu wako unacheza."

Kweli ulikuwa unacheza. Lakini hakunidharau kwa hilo. Siku daktari aliponigombeza mbele ya akina mama kwa kuchelewesha vipimo vya maabara, yeye ndiye aliyesema kwamba vilichelewa kwa agizo lake, na haikuwa kweli. Mchana tulikula pamoja. Alikuwa akibeba mboga za chinsaga na ugali kwenye mkebe, ananimegea nusu bila kuniuliza. Tukiwa wawili tulizungumza Ekegusii, na aliniita mwanangu.

Alikuwa mtu wa glavu. Anapoingia zamu anavaa, na ni nadra kumwona bila hizo. Wanafunzi tulimwona ndiye msafi kuliko wote.

Kabla sijafika hapo, wodi ilikuwa imempoteza mtoto mmoja kwa maambukizi ya damu. Nilipokaa kidogo, watoto wengine wakaanza kuugua kwa namna ileile: mtoto anayenyonya vizuri asubuhi anakataa maziwa jioni, mwili unapoa, ngozi inageuka rangi ya majivu. Walipewa dawa kali zaidi, wakapona, lakini kwa kuponea chupuchupu. Mazungumzo wodini yakabadilika. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumlaumu. Wengine walisema ni wageni, wengine walisema ni maji, wengine walisema ni sisi wanafunzi.

Ndipo aliponiita muuguzi aliyesimamia udhibiti wa maambukizi hospitali nzima. Alikuwa mwanaume mwembamba, mpole, anayesafisha miwani yake kila anapotafuta neno.

"Nataka uniangalizie mikono," akasema.

"Mikono ya nani?"

"Ya wote. Madaktari, wauguzi, wahudumu, wanafunzi wenzako. Nikisimama mimi pale, kila mtu atanawa. Wewe hakuna anayekuona."

Alinikumbusha nyakati tulizofundishwa darasani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka mrija au sindano, baada ya kugusa damu au majimaji, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hakutaka majina kwanza. Alitaka kujua ni wapi wodi inavuja.

"Na nikiulizwa?"

"Sema ukweli. Sema nimekutuma."

Hakuna aliyeniuliza. Mtu mwenye wasiwasi akipewa kazi ya kutazama watu hupata ugonjwa juu ya ugonjwa. Sikuweza kula vizuri. Nilikuwa nambadilisha mtoto nepi huku jicho moja likimfuata daktari aliyetoka kwenye simu yake kwenda kwenye kifua cha mtoto. Nilimwona mhudumu akifuta inkubeta mbili kwa kitambaa kimoja. Nilimwona mwanafunzi mwenzangu akijipangusa kamasi kwa mgongo wa mkono kisha akashika chuchu ya chupa. Nilijiona mimi mwenyewe nikirekebisha barakoa yangu kwa vidole vilivyokwisha kunawa, nikarudi sinki tena, na tena, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimemwagikiwa na kitu.

Kisha nikaona glavu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, zamu ina watu wachache. Muuguzi wangu alimaliza kumfyonza mtoto makamasi, akafunga mlango wa inkubeta, akaandika, akavuta kiti, akafungua inkubeta ya pili. Glavu zilikuwa zilezile. Nikajiambia amesahau. Nikaanza kumtazama yeye zaidi ya wengine, na kila nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kutotaka. Hakuwa amesahau. Alikuwa anapita kwa mtoto baada ya mtoto na ngozi ileile ya mpira, siku baada ya siku, na sanitaiza hakuigusa kabisa. Glavu zilimlinda yeye. Watoto hazikuwalinda.

Nilizunguka na jambo hilo siku nzima kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Mchana sikula naye, nikasema naumwa kichwa. Zamu ilipokaribia kwisha nilimfuata kwenye chumba cha kuoshea vyombo, nikafunga mlango.

"Sista, naomba nikuambie kitu. Usinikasirikie."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja. Ni glavu. Huwa huzibadilishi kati ya mtoto na mtoto."

Aliacha maji yakitiririka. Hakunitazama. Baadaye akafunga bomba, akazivua zile glavu taratibu, akianzia kwenye kifundo cha mkono, akikunja uso. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Ngozi ya vidole ilikuwa nyekundu na yenye magamba, na kwenye viungo kulikuwa na mipasuko inayotoa maji, mingine damu.

"Klorini na sabuni ya miaka yote hiyo," akasema. "Sanitaiza nikiweka, naona nyota. Nikinawa kila mtoto, jioni siwezi kushika hata kijiko."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Watanitoa hapa. Mimi nimekaa na watoto hawa tangu wewe unasoma chekechea. Nitaenda wapi, kupanga mafaili?"

Nilimwambia kwamba nimetumwa kuangalia mikono. Alishtuka, akaegemea ukuta. Sijui nilitarajia nini. Labda nilitarajia anigombeze, ili nami nipate kukasirika.

"Jumatatu nitaenda mwenyewe kwa daktari wa ngozi," akasema. "Nitajisemea mwenyewe kwa msimamizi. Nipe mpaka Jumatatu, mwanangu."

Nilichukua beseni lililokuwa karibu nikalisugua, na lilikuwa safi.

Kulikuwa na mama mmoja wodini aliyekuwa na mapacha, msichana na mvulana. Walikuwa wamekaa nasi muda mrefu na walikuwa wamenenepa, na tayari alikuwa amekunja leso zake kwenye mfuko kwa ajili ya kwenda nyumbani. Kesho yake nilipofika, kabla hata sijavua sweta, aliniita.

"Dakitari, huyu wa kike hanyonyi."

Nilimwambia mimi si daktari, kama nilivyomwambia kila siku. Nikanawa, nikamshika mtoto mguu. Ulikuwa baridi. Nilimfinya kisigino na hakulia. Nilikimbia kumwita daktari, na kukimbia wodini ni jambo tuliloambiwa tusifanye kamwe.

Walipokuwa wanamtafuta mtoto yule mshipa, nilisimama kando nikiwa nimeshika taa. Muuguzi wangu alikuwa upande wa pili wa kitanda na glavu zake. Macho yetu yalikutana. Yeye alitazama chini kwanza.

Sikungoja Jumatatu. Nilienda kwenye ofisi ya yule mwanaume wa miwani, nikamweleza yote niliyoyaona: sinki la mbali, chupa tupu, kitambaa kimoja, simu za madaktari, barakoa yangu, na glavu. Nilipofika kwenye glavu nilianza upya mara mbili. Alinipa maji, akasafisha miwani.

"Umezungumza naye?"

"Ndiyo. Aliomba mpaka Jumatatu."

"Na mikono yake ikoje?"

Nilimweleza. Akasema, "Hilo lilikuwa letu kulijua," kisha akainuka.

Mambo yalienda haraka. Siku hiyohiyo muuguzi wangu alitolewa wodini, akapelekwa kwa daktari wa ngozi na kupewa mapumziko. Nilimkuta kwenye korido akiwa amebeba mkoba wake na viatu vyake vya kazini ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimwamkia kwa Ekegusii kama kawaida yetu. Alinijibu kwa Kiswahili, taratibu, vile tunavyozungumza na watu tusiowajua.

"Ungenipa hiyo siku nijisemee mwenyewe," akasema. "Sasa nimekuwa mtu wa kusemewa."

"Sista, mtoto..."

"Najua mtoto. Nilikuwepo."

Akaenda zake. Nikabaki nimesimama, watu wananipita na vitoroli.

Habari ilienea kabla ya chakula cha mchana. Wauguzi walionyamaza nilipoingia ndio walionitisha kuliko walionisema. Mmoja aliyekuwa rafiki yake sana alisimama mbele yangu akaanza kunawa, kidole kwa kidole, polepole, huku akinitazama usoni. "Nimetakata?" akauliza. "Ama nirudie?" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ninakiri kwamba niliona pia kuwa siku hizo watu walinawa. Walinawa kwa hasira, na mikono ikawa safi.

Watu wa maabara walikuja wakapangusa kila kitu kwa vijiti vyao vya pamba: bomba la sinki, milango ya inkubeta, mashine ya kufyonza, simu ya mezani, mikono yetu sote. Mmoja akaona kopo la losheni kando ya sinki, akalipangusa nalo.

Kopo lile lilikuwa la muuguzi wangu. Alilileta mwenyewe kutoka nyumbani kwa sababu ya mikono yake, akaliweka pale ili kila mtu atumie, maana sote ngozi zilitukauka kwa kunawa. Lilikuwa na mdomo mpana, mtu anachovya vidole. Losheni ikipungua, yeyote aliyekuwepo aliongeza maji ya bomba kidogo na kutikisa, ili isiishe upesi. Mimi pia niliwahi kuongeza. Tulinawa vizuri, tukakausha vizuri, kisha tukachovya.

Majibu yalipotoka, yule mwanaume wa miwani alituita sote. Kijidudu kilichokuwa kwenye damu ya mtoto wa kike kilipatikana kwenye kopo la losheni, kwenye mpini wa bomba, na kwenye mikono ya watu kadhaa. Hakusema ni akina nani.

"Kwa hiyo ni yeye au si yeye?" yule rafiki yake akauliza.

"Ni wodi," akajibu. "Mikono iliyopasuka huhifadhi vijidudu, glavu zisizobadilishwa huvisafirisha, na kopo hili lilivigawa kwetu sote. Sijui kilianzia wapi, na sitajifanya kujua."

Nilitaka ajue. Nilitaka aseme jina la mtu au la kitu, ili nipate kulala. Hata kama lingekuwa langu. Nilirudi Sironga jioni hiyo nikazunguka soko zima bila kununua chochote, nikitoka kwa wauza ndizi kwenda kwa wauza viatu, mpaka walipoanza kufunga.

Kopo likatupwa. Sinki la pili likawekwa upande wa dirishani, jambo ambalo wauguzi walikuwa wameliomba muda mrefu. Sanitaiza ikaanza kujazwa. Ikaletwa losheni ya chupa ya kubonyeza, na kila mwenye mkono uliopasuka akaambiwa aripoti na atibiwe bila kuadhibiwa. Watoto wakaacha kuugua kwa ile namna.

Pacha wa kike alipona. Haikuwa haraka, kuna siku tulidhani anatuacha. Lakini asubuhi moja alilia kwa sauti ya hasira kweli, na mama yake akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Huyu sasa ananidai." Walipotoka, nilimsaidia kuwafunga wote wawili kifuani. Alinishukuru sana, akaniuliza yuko wapi yule sista mnene aliyekesha na watoto wake wiki za kwanza walipokuwa hawajui kupumua vizuri. Nilimwambia yuko likizo. "Mwambie asingekuwa yeye, leo nisingekuwa na wa kubeba," akasema. "Umwambie, tafadhali."

Huo ujumbe ulinikosesha raha kuliko mengine yote. Ningeupelekaje? Nilipitisha wiki kadhaa nikijiambia nitaenda. Mazoezi yangu yakaisha, nikahamishiwa wodi nyingine, nikasikia kwamba yeye alirudi kazini lakini kwenye kliniki ya watoto, kupima uzito na kuwafundisha akina mama kunyonyesha. Jumapili moja nikabeba ndizi kutoka nyumbani, nikapanda boda boda hadi Kiogoro, nikaulizia mpaka nikafika.

Nilimkuta anaanua nguo. Aliniona, akaendelea kuanua hadi kamba ikaisha. Kisha akasema, "Karibu," akaniletea kiti nje, si ndani.

Tulikaa. Nilimweleza kuhusu kopo, na kwamba mimi pia niliwahi kuongeza maji. Alikuwa ameshaambiwa.

"Nililala na hilo kopo kichwani miezi mizima," akasema. "Nililinunua kwa wema."

"Najua."

"Hujui. Lakini sawa."

Nikampa ujumbe wa mama wa mapacha, neno kwa neno kama nilivyoukumbuka. Alisikiliza akiwa amekunja shuka magotini. Mikono yake ilikuwa wazi, haina glavu, na ngozi ilikuwa imeanza kurudi, bado nyororo na yenye madoa ya rangi ya waridi. Alipaka marhamu aliyopewa hospitali kila baada ya muda, kutoka kwenye mrija mdogo.

"Walikuwa wanapumua?" akauliza. "Wote?"

"Wote. Wa kike alitoka na kilo nzuri kuliko kaka yake."

Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kidogo, tabasamu lisilonihusu mimi.

"Sista," nikasema, "bado sijui kama nilipaswa kungoja."

Alikunjua shuka, akalikunja upya. Nilidhani atanisaidia kwa jibu, maana alikuwa amenisaidia kwa kila kitu tangu siku ya kwanza.

"Kwa mtoto, hukupaswa kungoja," akasema mwishowe. "Kwangu mimi, ulipaswa. Yote mawili ni kweli, na mimi siwezi kukuchagulia. Bado nina uchungu na wewe. Uniache na uchungu wangu, usiniharakishe."

"Sawa, Sista."

"Unakunywa chai?"

Nikasema ndiyo. Aliingia ndani, nikamsikia akinawa mikono, maji yakimwagika kwenye karai kwa muda mrefu. Akatoka na vikombe viwili na chai ya maziwa, moto sana. Tuliinywa tukizungumzia mvua na bei mbaya ya majani chai. Ilipokwisha niliaga, nikaacha ndizi kwenye baraza. Hakunisindikiza hadi barabarani, lakini alisimama mlangoni mpaka nilipopinda kona, na mimi niligeuka kutazama mara nyingi kuliko inavyostahili.